Gemu Iliyopitishwa na Kamati

Waliokaa kwenye viti vyangu siku ile walikuwa watatu: shemasi, mwalimu wa sande skuli na mwenyekiti wa akina mama. Majina sitaandika, kwa sababu hapa Kanja ukimwandika mtu jina utaambiwa una wivu. Lakini vyeo ni vyao, walivipigania, wacha wavibebe. Walikuja kumchagulia binti yangu gemu ya Kikristo. Niliwachinjia kuku. Hilo la kuku linaniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa anataga.

Mashine yenyewe aliileta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni karani katika ofisi moja pale Embu mjini. Watoto wake walikuwa wamenunuliwa nyingine mpya, hii ya zamani ikawa inakaa chini ya kitanda tu. Akaifunga kwenye katoni ya mafuta ya kupikia pamoja na padi mbili za kuchezea na CD sita, akaja nayo wakati wa Krismasi. Binti yangu ni kitinda mimba, nilimpata ndugu zake wakiwa wameshaota ndevu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliikumbatia ile katoni akakataa kuiweka chini hata ya kula.

Mume wangu akasema, "Hiyo kitu haitawashwa kabla kanisa halijaiona."

Sikubishana. Shemasi alikuwa amefanya semina ya wazazi mwezi uliotangulia, akaandika ubaoni maswali ambayo mzazi Mkristo anapaswa kuuliza kuhusu gemu. Kuna damu? Kuna uchawi? Kuna watu walio uchi? Kuna kamari? Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini maswali yale niliyaelewa na niliyaona mazuri. Nimeona watoto kwenye kibanda cha gemu pale sokoni Ishiara, ninapopeleka ndizi, wakiuana kwenye skrini na kutukanana mama zao tangu asubuhi. Sikutaka wangu awe hivyo. Kwa hivyo mtu asije akasema mimi ni adui wa maombi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea shemasi ujumbe kwamba waje.

Walipomaliza kuku walinawa, wakaomba, wakamwambia mtoto awashe. Yeye aliketi chini kwenye mkeka, wao juu, kila mmoja na Biblia yake kwenye magoti kama watu wanaongoja kitu kiruke kutoka kwenye runinga.

Ya kwanza ilikuwa ya bunduki. Ikatolewa kabla haijafunguka vizuri. Ya pili ilikuwa na mzee mwenye kofia ndefu na fimbo inayotoa moto. Mwenyekiti wa akina mama akafunika macho, akasema hiyo irudi ilikotoka. Ya tatu ya miereka, watu wenye chupi. Ikatolewa. Ya mpira ilikataliwa kwa sababu vijana wa sokoni wanautumia mpira kuchezea kamari. Mtoto alikuwa anatoa CD moja baada ya nyingine, na mimi nikawa naona shingo yake inazidi kuinama.

Ya tano ilikuwa ya magari.

"Hii inafundisha watoto mwendo wa kasi," mwalimu wa sande skuli akasema.

"Tusihukumu kabla ya kuthibitisha," shemasi akasema, akaomba padi.

Aligonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga ukuta ule ule. Akavua koti.

"Shemasi," binti yangu akamwambia polepole, "unafinya mafuta na breki pamoja."

"Najua."

Aliendesha mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti wa akina mama aliniangalia, nikamwangalia. "Shemasi," akamwambia, "huyo shetani bado hujamwona?"

"Nachunguza, mama. Kazi ya Mungu haifanywi haraka haraka."

Alipomaliza nafasi ya tatu alirudisha padi, akafuta mikono kwa leso, akasema ile gemu inaleta tamaa na haifai kwa mtoto. Hata hakucheka.

Ikabaki moja. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mgongoni, anavuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe, anapanda mlima, anaokota matunda. Hakuna bunduki, hakuna damu, hakuna nguo fupi. Shemasi akasema inaonyesha safari ya Mkristo. Wakaipitisha. Kabla haijaanza, mashine ikauliza mchezaji ni nani, aandike jina.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika mbele ya macho yetu sote sita.

Hapa kwetu, Embu na Meru, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Si kwamba ameazima jina. Yeye ndiye huyo mama, amekuja tena. Mume wangu humwita binti yetu "mami", na hasemi hivyo kwa kumbembeleza, anamwita mama yake. Mama mkwe wangu, ambaye tunamwita cucu, yaani nyanya, alikuwa akiniuliza kila asubuhi kutoka kwenye mlango wa nyumba yake, "Mimi mdogo ameamka?" Akimkuta mtoto analia alikuwa anauliza, "Nani amenichapa?" Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu. Mtoto ana jina la ubatizo pia, la Kizungu, la shuleni. Lakini lile la nyumbani ni la cucu.

Binti yangu akainua uso. "Niandike lipi? La shule halitoshei, nafasi ni chache."

"Andika la nyumbani," shemasi akasema. "Si ni fupi?"

Akaandika. Mwalimu wa sande skuli alisema amina. Mume wangu alisema amina. Nami nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi, sikuona chochote. Walikuwa wameleta macho ya kutafuta pepo wa Ulaya, wenye kofia ndefu, na hawakuona kwamba wamechukua jina la mwanamke mzee aliye hai, aliyekuwa ameketi nje akichambua maharagwe, wakampa mtoto akafie nalo kwenye mto. Bibi yeyote wa kijijini ambaye hajawahi kuona runinga angewaambia. Hawakumwuliza bibi yeyote.

Tuliweka sheria. Nusu saa baada ya kazi ya shule, na saa moja Jumamosi. Sheria zilifuatwa. Ile gemu ilikuwa ngumu, mawe ya mtoni yalikuwa yanateleza, na kila mara mtu mwenye mzigo alipoanguka muziki ulizimika, lile jina likatokea kubwa katikati ya skrini, na chini yake neno la Kiingereza la kwamba amekufa. Kisha unaanza upya. Mimi nilikuwa nje na kazi zangu, nilisikia kelele za watoto nikajua wanacheza.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana cucu aliwaletea nduma kwenye sahani. Ndani walikuwa binti yangu na watoto wawili wa jirani. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikamwona amefika mlangoni akasimama. Ndani watoto walikuwa wanapiga makofi na kulitaja jina lake kavu kavu, bila cucu wala mama mbele.

"Amekufa! Amekufa tena! Mara hii amekufa vibaya, ameanguka na mzigo wake!"

Cucu alisoma ngumbaru, madarasa ya watu wazima, akiwa na wajukuu tayari. Kiingereza hajui, lakini jina lake analijua, ndilo neno la kwanza alilofundishwa kuandika. Alilisoma kwenye runinga.

"Nani amekufa?" akauliza.

Binti yangu akasimama, padi mkononi. "Si wewe, cucu. Ni mimi."

"Na wewe ni nani?"

Hata leo mimi sina jibu la lile swali. Cucu aliweka sahani ya nduma juu ya kiti, akarudi kwake kwa mwendo wake wa kila siku. Nilimfuata, nikamwambia ni mchezo tu, kanisa lilipitisha. Akasema, "Nimesikia." Jumapili hakwenda kanisani, alisema magoti yanamwuma.

Alhamisi alianguka kwenye shamba la ndizi. Nilimkuta mimi, panga likiwa bado mkononi mwake, mdomo umeenda upande mmoja na mguu wa kulia umelala kama si wake. Tulimbeba na mume wangu mpaka barabarani, tukapata gari la jirani, tukampeleka hospitali Embu. Hakufa. Sehemu ya mwili ilipooza, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifika siku hiyo hiyo kutoka alikoolewa. Kabla hajamsalimu mgonjwa alikuwa ameshasikia habari ya gemu. Akanivuta kando ya wodi.

"Kwa hivyo mtoto wako amemuua mama siku tano mfululizo, mama akaanguka ya sita."

"Wifi, mama yako ana presha."

"Presha amekuwa nayo miaka. Gemu mmekuwa nayo lini?"

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wake wote.

Nesi alikuwa ameniagiza nilete dawa zote ambazo mgonjwa anatumia. Nikarudi nyumbani, nikaingia kwenye nyumba ya cucu, nikatafuta. Alikuwa anaweka vitu vyake vya maana ndani ya mkebe wa kakao. Nilipoufungua nilikuta tembe za presha za miezi minne, pakiti zimepangwa vizuri moja juu ya nyingine, hazijatobolewa hata moja. Alikuwa anaenda kliniki, anapewa, anakuja anapanga.

Nikaketi kwenye kitanda chake. Kwa sababu nilikuwa najua. Miezi minne nyuma cucu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Shemasi alikuwa amemwekea mikono kichwani na kumwambia amepona, amwamini Mungu na si duka la dawa. Cucu akatangaza kwamba kuanzia siku ile hatakuwa mtumwa wa tembe. Kanisa zima likasimama likapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilikuwa safu ya nne, nikapiga mpaka viganja vikawa moto, mimi ambaye kati ya watu wote wa lile kanisa ndiye niliyepaswa kukaa chini.

Maana mimi si mzaliwa wa Kanja. Nilizaliwa Muthara, upande wa Meru, katika nyumba ya watu waliosali kwenye boma moja la maombi na hawakumeza dawa ya aina yoyote, hata ya kichwa. Surua ilipoingia kijijini nilikuwa na miaka tisa na mdogo wangu minne. Watoto wa majirani walipelekwa zahanati. Sisi tuliwekwa kwenye chumba chenye giza tukaimbiwa. Mdogo wangu alikufa siku ya nane. Mimi nilibaki, jicho la kushoto limejaa usaha.

Na sababu ilitafutwa. Ikapatikana kwamba siku moja ya maombi nilitoroka nikaenda kucheza bano nyuma ya zizi la jirani. Kokoto na gololi, hiyo ndiyo ilikuwa gemu yetu. Mzee wa boma lile alinisimamisha mbele ya watu, akaniambia niseme kwa kinywa changu kwamba bano zangu ndizo zilizomuua ndugu yangu. Nikasema. Watu wakajibu amina. Mama yangu alijibu amina, nilimtambua sauti kati ya sauti zote.

Jicho halikurudi. Lakini jicho nilizoea mapema, ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nakata nyasi kama wengine. Lile neno nililosema mbele ya watu sikulizoea. Nimekaa nalo nikiwa msichana, nikiwa bibi arusi, nikiwa na mimba, kila mtoto wangu akipata homa nilikuwa nawaza ni kitu gani nimecheza. Mzee wa boma alikufa mimi nikiwa nimeshaolewa huku Embu. Alifia hospitalini, na dripu mkononi. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Basi nilichukua zile pakiti nikaziweka kwenye mfuko.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kamati ile ile ilirudi. Safari hii sikuchinja kitu. Wifi yangu alikuwepo, mume wangu alikuwepo, mtoto alikuwa jikoni anamenya viazi na mlango ulikuwa wazi, kwa hivyo alisikia kila neno.

Shemasi alieleza kwamba ameomba juu ya jambo hili. Mtoto ametamka kifo mara nyingi juu ya jina la mzee wake, na neno lililotamkwa lazima lirudishwe na kinywa kilichotamka. Jumapili atasimama mbele ya kanisa aungame kwamba yeye ndiye aliyemwangusha cucu yake. Kisha lile jina litatolewa kwake, abaki na la ubatizo. Mashine itachomwa nje ya kanisa watoto wote wakiona.

"Akitubu," akasema, "mama atainuka."

"Na aliyemwambia aandike lile jina?" nikamwuliza.

"Nani huyo?"

"Wewe. Ulisema aandike la nyumbani kwa sababu ni fupi. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa."

"Dada, mimi sikumbuki hivyo." Akamgeukia mwalimu wa sande skuli. "Wewe unakumbuka hivyo?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Sisi siku ile tulikuwa tunaangalia mambo ya damu na uchawi," akasema. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitambaa changu cha meza.

Nikatoa zile pakiti, nikazipanga juu ya meza mbele ya shemasi, kama cucu alivyozipanga.

"Hizi ni dawa za miezi minne. Hajameza hata moja. Nani alimwambia aache?"

"Mimi sikumwambia aache. Nilimwambia aamini. Kuacha ilikuwa imani yake mwenyewe."

"Makofi ulipiga?"

"Wewe hukupiga?"

Hapo alinipata, na alijua amenipata, nikaona anakaa vizuri kwenye kiti.

"Nilipiga," nikasema. "Basi Jumapili tusimame mimi na wewe. Tuseme mbele ya watu kwamba tulimpigia makofi mgonjwa akaacha dawa. Mtoto akae chini."

Wifi yangu akapiga ulimi. "Ni mambo ya Muthara unatuletea hapa. Ulilelewa na watu wa ajabu, sasa kila mtumishi wa Mungu unamwona ni wale."

"Ndiyo. Ninawaletea mambo ya Muthara."

"Mama," mume wangu akaniambia, bila kuniangalia, "wacha wazee wamalize."

Wakamaliza. Wakaomba, wakaenda. Mume wangu alikuwa na mama yake kitandani, mdomo umepinda, na mtu amemwambia kuna njia ya kumwinua inayogharimu tu dakika mbili za mtoto kusimama. Ninajua alichokuwa anawaza. Sijamsamehe, lakini ninajua.

Nilipoingia jikoni mtoto alikuwa amemenya viazi vyote, hata vile vya mbegu.

"Nikisimama niseme nini?" akaniuliza.

"Hutasimama."

"Lakini cucu atainuka."

"Nani amekwambia?"

Akasukuma maganda kwa mguu. Hakunijibu, na mimi kwa hasira zangu sikusikia kwamba hajanijibu.

Jumapili asubuhi mume wangu alitoka na ile katoni chini ya mkono. Alisimama uani akitungoja, nikamwambia sisi hatuendi huko. Alisimama kidogo tena. Kisha akaenda peke yake, na nilimwona njiani anaibadilisha katoni kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Mimi nilimvalisha mtoto sweta, tukaenda hospitali Embu.

Cucu alikuwa macho. Mtoto alisimama miguuni pa kitanda, hakusogea karibu. Cucu alimtazama muda mrefu, jicho moja likatoa machozi. Nesi alishatuambia kwamba lile jicho linatoa machozi lenyewe kwa sababu ya ugonjwa, kwa hivyo siwezi kuandika kwamba alilia. Alikuwa ananuia kusema kitu, kikatoka mate tu, nikampangusa.

Nikamtafuta nesi. Alikuwa anasukuma kigari cha dawa, peke yake wodi nzima.

"Nesi, mwambie huyu mtoto kilichompata cucu yake."

"Mama, unaona vile niko."

"Maneno mawili tu. Mimi nikimwambia haitoshi."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaacha kigari. Akachuchumaa. "Unaitwa nani?"

Mtoto hakusema jina lolote, si la shule wala la nyumbani.

"Sawa. Cucu yako ana presha. Presha ina dawa ya kumeza kila siku. Yeye alikaa siku nyingi sana bila kumeza, mshipa wa damu kichwani ukaziba. Basi. Umesikia?"

"Hata kama kuna mtu alimwudhi?"

"Mimi huudhiwa hapa kutoka asubuhi," nesi akasema, "na ninameza yangu." Akainuka akashika kigari chake.

Nilifikiri imekwisha. Tulirudi, tukashuka kwenye gari, tukaanza kupanda ile njia ya kwetu. Kulikuwa na jua. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wengine walinisalimu, wengine walikuwa na haraka ghafla. Tulipofika karibu na kinu cha kahawa mtoto akasimama.

"Mama, mimi nilishasema ndiyo."

"Ndiyo gani?"

"Shemasi alikuja shuleni Jumatano, saa ya chakula. Aliniita chini ya mti karibu na choo. Akaniuliza ni mimi nilimwangusha cucu. Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Wengine walikuwa wanamaliza githeri. Mara ya tatu nikasema ndiyo, akaniombea, nikaenda kula."

Nikamwuliza ilikuwaje hakuniambia.

"Alisema nikitulia mpaka Jumapili cucu atapona. Nikaona nikikuambia utaharibu."

Siku mbili kabla ya kukaa kwenye kiti changu na kusema ameomba juu ya jambo hili, alikuwa ameshamkamua mtoto wangu chini ya mti. Hakuhitaji Jumapili. Lile neno alikuwa ameshalipanda, Jumapili ilikuwa ya watu kusema amina tu.

Hatukwenda nyumbani. Nilimshika mkono tukakata kulia, tukaingia kwa shemasi. Ana nyumba nzuri katikati ya kahawa, na kibaraza cha simenti. Alikuwa amekaa pale anakula, shati la kanisani, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa ananuka moshi wa plastiki.

"Dada, karibu. Leo mlikosa baraka. Ile kitu imeshateketea."

"Sikuja kwa sababu ya mashine."

Mke wake alitoka na kiti, akaona uso wangu, akarudi nacho ndani.

"Nimesikia ulikwenda shuleni," nikamwambia. "Umemfanya akubali. Sasa mimi sitaki uungame, sitaki uende mbele, sitaki mtu mwingine ajue. Mtoto huyu hapa. Mwambie si yeye."

"Dada, kaa kwanza unywe chai."

"Mwambie si yeye. Ni maneno mawili."

Akaweka kijiko. Akamwangalia mtoto, akatabasamu lile tabasamu la sande skuli. "Mungu anakupenda sana," akamwambia.

"Hilo anajua. Mwambie lingine."

"Mambo ya rohoni hayaendi hivyo, dada. Mimi siwezi kusema ni yeye, siwezi kusema si yeye. Mimi ni chombo tu."

"Jumatano ulikuwa chombo? Ulipomwuliza mara tatu na njaa?"

"Tusameheane."

"Sijaja kusameheana."

Nilimwona anatafuta neno, ninaapa, na kwa muda kidogo nilifikiri atasema. Mimi nilingoja miaka arobaini mtu wa boma lile, yeyote, hata mpishi wao, aje aniambie si wewe. Ningekubali kuambiwa na mlevi. Huyu alikuwa na mtoto mbele yake, na kazi ilikuwa ya kufungua mdomo. Alichukua kijiko, akachota mchuzi, akakirudisha kwenye sahani bila kula.

Binti yangu alikuwa anamtazama wakati wote, kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Mama, twende," akasema. "Hawezi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyosema juu ya mlango wa duka uliofungwa. Akaniachia mkono, akatangulia kati ya mistari ya kahawa, nami nikamfuata. Alikuwa anatembea haraka kuliko tulivyokuja.

"Cucu akirudi nyumbani," akaniuliza bila kugeuka, "ile dawa atakuwa anameza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kabla ya chai ama baada?"

"Tutamwuliza nesi."

"Nitakuwa nampa mimi, kabla niende shule. Na nitakuwa nangoja nione imeshuka."

Nyuma yetu shemasi alikuwa amesimama ukingoni mwa kibaraza. "Dada," akaita, "Jumapili ijayo msikose." Tulisikia sote wawili, tukazidi kwenda.